Shingo haina mtoki: ikatwe au isubiriwe?

Mtu ana saratani changa ya ulimi. Shingo ukiipapasa hukuti mtoki, picha ya CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) nayo ni safi, lakini daktari anataka kuondoa na tezi za shingoni siku hiyohiyo ya kukata uvimbe wa ulimi. Ndugu wakihamaki, siwalaumu. Neva inayoinua bega hupita palepale penye tezi hizo, na wapo wanaobaki na mkono usiopanda. Tena desturi iliyoenea tangu miaka ya 1990 ni kukata shingo, yaani kuondoa tezi hizo, pale uwezekano wa saratani iliyojificha ndani yake unapozidi asilimia 20. Maana yake, wengine wengi hukatwa na maabara isikute kitu.

Lakini wanaosema "tusubiri tuone" huzungumza kana kwamba kusubiri hakuna gharama. Gharama yake ilipimwa katika Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, jiji ambako tumbaku na popoo za kutafuna huwapa wapasuaji wagonjwa wengi mno. Matokeo yalitoka 2015. Waliokatwa shingo mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Waliosubiri mtoki ujitokeze, asilimia 67.5. Kwa hesabu ya watafiti wenyewe, kila wanane wanaokatwa mapema, mmoja anaepushwa na kifo. Mmoja kwa wanane! Zipo dawa tunazozisifu zisizofika hapo. Na waliosubiri hawakutelekezwa: waliitwa kliniki kwa ratiba, wakapapaswa shingo. Bado ugonjwa uliporudi shingoni ulikuwa umekomaa zaidi, mara nyingi umeshatoboa ganda la tezi. Sasa mpe ratiba hiyo mtu wa kijijini anayekopa nauli.

Kubashiri vizuri zaidi shingo ipi imeficha saratani kunawezekana, sikatai. Kina cha uvimbe husaidia: chini ya milimita 3, hata Mumbai faida ya kukata haikuwa wazi. Ufaransa nao, mwaka 2020, walionesha kwamba kutoa na kuchunguza tezi ya kwanza tu inayopokea maji ya uvimbe hakukuwa duni kuliko kusafisha shingo kwa kuondoa tezi zake, na miezi ya mwanzo shingo na bega viliumia kidogo kuliko kwa waliosafishwa. Ila njia hiyo inataka dawa ya mnururisho, mashine ya kuifuatilia, na mwanapatholojia wa kukatakata tezi vipande vyembamba. Palipo na vyote hivyo, shingo iachwe.

Programu za kompyuta zinazosoma CT ili kubashiri hilohilo zinasifiwa kwa idadi ya shingo zitakazonusurika kisu. Mimi ningeuliza kwanza: kati ya hizo zilizoachwa, ngapi zilirudi na mitoki?