Sharti la kipato ndilo lililokuwa likiwaacha nje watoto maskini
Kuna makala inayosema umaskini wa watoto Marekani ulishuka hadi asilimia 5.2 mwaka 2021 kwa sababu nafuu ya kodi kwa watoto (pesa ambazo wazazi hupewa kupitia mfumo wa kodi) iliongezwa kiwango. Kiwango ni nusu tu ya habari. Kubwa zaidi ni kuondolewa kwa sharti la kipato, yaani kwamba mzazi lazima awe na kipato ndipo alipwe. Chukua mama mwenye watoto wa miaka 4 na 9, anayepata dola 10,000 kwa mwaka. Kwa sheria ya zamani dola 2,500 za mwanzo hazihesabiwi, kisha anapewa asilimia 15 ya zinazobaki: dola 1,125 kwa watoto wote wawili, na asiye na kipato haambulii kitu. Mwaka 2021 mama huyohuyo alistahili 6,600, yaani 550 kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba, na nusu iliyobaki baada ya kuwasilisha ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Greg Duncan ilikwisha kuonyesha mwaka 2019 kwamba mipango ya ajira peke yake haitoshi kupunguza umaskini huo kwa nusu. Penye udhaifu ni ufikishaji: malipo ya kila mwezi yalifuata ritani ya nyuma, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 2021 hakuonekana, na wazazi wakiwa wameachana pesa zilikwenda kwa aliyemwandika mtoto mwaka uliotangulia. Familia zisizowasilisha ritani, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo, zililazimika kujiandikisha zenyewe mtandaoni. Sheria hiyo ya 2021 ikaachwa iishe, na 2022 umaskini ukarudi asilimia 12.4. Mlioko Marekani, nani aliwasaidia wazee wenu kujaza fomu zile?