Rudia Hapo

Kuna msemo unaonikera kila ninapousikia: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye maandishi. Unasemwa semina, unasemwa redioni, hata walimu wanausema mbele ya wanafunzi wao, na watu wanacheka. Mimi sicheki. Nimelelewa na mwanamke ambaye hakuweza kusoma kibao cha basi, na sijapata kuona mtu aliyependa riwaya kumshinda yeye.

Bibi yangu mzaa mama, wa Tanga, alihitimu Kurani angali mdogo, na barua zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu kama wanawake wengi wa pwani wa rika lake. Hizi a, be, che za shule hakuzijua. Nikiwa kidato cha tatu niliazima *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999, kutoka maktaba ya mkoa, lile jengo la enzi za Mwingereza lililojengwa kumkumbuka Mfalme George wa Sita. Nilianza kuisoma njiani nikirudi nyumbani, nikajikwaa mara mbili. Chakula cha mchana kilipoa nikikitazama.

"Mume wangu, leo una nini?" Bibi akaniuliza.

Nikamwambia kuna binti wa Kihindi, Yasmin, kaozwa mzee mwenye duka, naye hamtaki. Bibi hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na mbuzi na nazi, akakaa pembeni yangu. "Haya, nisomee."

Nikawa nasoma, yeye anakuna. Mlio wa mbuzi ulikwenda sambamba na sauti yangu mpaka tukauzoea wote wawili. Yasmin akamkimbia mumewe, akarudi Unguja, akaenda kwa mjomba wake kutafuta pa kujisitiri, akafukuzwa. Hapo mlio ukakatika. Nikadhani nazi imekwisha. Kumbe kashika kifuu mkononi, chicha imemganda vidoleni, ananikodolea macho.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mjomba mtu! Damu yake mwenyewe!" Akanyamaza kidogo. "Endelea." Siku hiyo tulikula baada ya Isha, na hakuna aliyelalamika.

Ilituchukua jioni kumi na moja, na ilinibidi nikaombe muda zaidi maktaba. Unguja ile ya kabla ya uhuru, yenye makachero na mikutano ya siri, Bibi aliifahamu. Alipoolewa mara ya kwanza aliishi Ng'ambo, mjini Unguja, miaka kadhaa. Basi alikuwa akinikatiza kunieleza mambo ambayo mwandishi hakuyasema: buibui lilivyovaliwa, watu walivyojipanga kwenye taarabu, nani alimtunza nani. Denge, yule kijana mpigania uhuru wa riwayani, alipowindwa na polisi, Bibi alimwombea dua kwa sauti, ileile dua aliyowaombea wajomba zangu wakiwa baharini. Nilijifunza pale, na bado naamini, kwamba riwaya ikikolea, mtu wa kitabuni anakuwa mtu wa nyumbani. Unamhofia. Unalala ukimuwaza.

Miaka miwili baadaye, kidato cha tano, nikakutana na kitabu kilekile darasani. Moyo ulinidunda kwa furaha. Lakini kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza tuliandikiwa ubaoni dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, tukanakili. Wenzangu wengi walifaulu kwa mwongozo tu, riwaya yenyewe hawakuigusa. Hakuna aliyetuuliza kama tulimwonea Yasmin uchungu. Siupingi uhakiki, naupenda sana. Ila mtu atahakikije kitu ambacho hakijamnogea? Ndiyo maana wengi wao, tukionana leo, wananiambia kitabu cha mwisho kusoma kilikuwa cha mtihani. Siwalaumu hata chembe. Walipewa mifupa wakaambiwa ndiyo samaki.

Ninachokitaka si kitu kikubwa. Kipindi kimoja kwa wiki, mwalimu afungue riwaya ya Kiswahili asome kwa sauti, wanafunzi wasikilize, kengele ikilia afunge. Pasiwe na swali wala alama. Na sisi nyumbani tufanye vivyo hivyo, maana vitabu ni ghali na vichache, lakini nakala moja ikisomwa kwa sauti inatosha ukumbi mzima. Watu wetu ni mahodari wa kusikiliza hadithi. Anayesema hawapendi maandishi amesahau kwamba kuna kazi ya mtu wa kati, yule anayeshika kitabu.

Bibi hatunaye tena, Mungu amrehemu. Shangazi yangu yuko Muscat, anasumbuliwa na mtoto wa jicho, herufi hazioni. Tangu mwezi uliopita namrekodia *Vuta N'kuvute* kwa WhatsApp, sura kwa sura, nikishalaza watoto. Nasoma taratibu kama nilivyozoeshwa, nikiacha nafasi pale ambapo zamani mbuzi ungenyamaza. Juzi nilichoka, nikakatia pale Yasmin anapokwenda kwa rafiki yake Mwajuma. Saa saba usiku simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa shangazi, sekunde sita: "Wewe mtoto, ndiyo nini kunikatia hapo? Kapokewa au hakupokewa?"

Nikaamka, nikawasha taa ya jikoni, nikafungua ukurasa.