Mshale unaoning'inia hewani

Nimekesha siku mbili nikisaka hitilafu ya kipuuzi. Mwenzangu kazini aliandika programu ya kubadili modeli, yaani mchoro wa visanduku na mishale unaoeleza mfumo: mistari mia tisa, vitanzi ndani ya vitanzi, na humo katikati klasi moja (kisanduku) inafutwa ilhali kuna uhusiano (mshale) bado unaielekea. Modeli ikapita. Kizalishi cha msimbo, kinachogeuza modeli kuwa programu, nacho kikapita. Iliyokuja kuanguka ni moduli ya mbali isiyohusika kabisa, na ndiyo iliyobebeshwa lawama.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia kanuni za grafu, zile zinazobadili mchoro wa nodi (visanduku) na mishale kipande kwa kipande. Akacheka: "Hayo ni mambo ya maprofesa, ndugu yangu."

Haya. Maprofesa hao, Ehrig, Pfender na Schneider, waliyaandika mwaka 1973, wakati UML, lugha tunayochorea modeli, haijulikani hata kwa ndoto. Upande wa kushoto wa kanuni unaeleza kinachotafutwa kwenye grafu, wa kulia unaeleza kitakavyokuwa. Na lipo sharti moja ninalolipenda kuliko yote: ikiwa kufuta nodi kutaacha mshale ukining'inia, kanuni haitekelezwi. Haikuonyi kwa upole, haiandiki ujumbe kwenye logi isiyosomwa na mtu. Inagoma! Ukitaka nodi iondoke, sema kwanza mishale yake inakwenda wapi. Uko mtindo mwingine unaofagia mishale pamoja na nodi. Mimi siupendi, unaficha uzembe, ila hata huo hauachi masalia nyuma.

Kinachoniuma ni hiki. Kutwa tunachora visanduku na mishale. Wakati wa kuvibadili ukifika, tunajifanya tumeshika orodha ya vitu, tunaipitia kimoja kimoja kama anayechambua mchele gizani.

Zana zinachosha, hilo nakubali shingo upande. Henshin, zana ya kuendesha kanuni hizi, inakutaka uhamie Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, na virago vyako. Na ndiyo, kutafuta grafu ndogo ndani ya kubwa ni tatizo la NP-kamili, yaani halina njia ya haraka inayojulikana kwa kila hali. Lakini kanuni zetu nyingi zina nodi nne au tano upande wa kushoto, kwa hiyo msinitishe na NP. AGG, zana nyingine ya kanuni hizi, kwa upande wake, hukuonyesha kanuni zinazogongana kabla hujaendesha chochote. Nani mwingine anakufanyia hivyo?

Hitilafu tumeiziba kwa sharti moja zaidi la "kama" kwenye programu, mstari wa mia sita na kitu. Mistari arobaini chini yake kuna klasi nyingine inayofutwa vilevile. Sijaigusa.