Nimelipia Zijikunje, Nimelipia Zisijikunje

Niliingia shoruumu ya Mombasa Road na bei moja kichwani. Kijana wa mauzo, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akanitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo ni bei ya gari tu." Gari tu! Kwani alidhani nimekuja kutafuta mbuzi?

Akatoa orodha ya nyongeza. Viti vya kupasha makalio joto: nikamwambia baridi ya Nairobi ni Julai, na Julai nina sweta. Kamera ya nyuma sikubishana, maana mtaani kwetu ukirudi nyuma unamrudia mama mboga, bodaboda na kuku wa jirani kwa mpigo mmoja. Rimu za aloi apelekewe mwingine, mashimo yetu hayachagui.

Nilichotaka mimi ni spea, tairi zima kama yale manne. Hapo kijana akakohoa. Akafungua buti nikaona kichupa cha gundi na kipampu. Spea kamili ni ya kulipia, na VAT asilimia 16 juu yake. Yaani mguu wa tano ni anasa!

Mama Njeri muda huo wote alikuwa kimya, shingo imeinuka, anatazama paa la gari la maonyesho. Nikajua tumekwisha.

"Baba Njeri, hiki kioo cha juu kinafunguka?"

Kilifunguka, na mkopo wa Sacco ukatokea hapohapo. Spea ikangoja.

Kigari chetu cha zamani kilitoka Japani na tabia zake zote. Kila asubuhi mwanamke wa kwenye dashibodi ananisemesha Kijapani, miaka sita sijui kama ananisalimia au ananitukana. Redio ilikomea 90, stesheni ya mama watoto iko mia moja na kitu, basi tukaishi kwa amani. Lakini hakuna aliyeniuliza nataka kipi na kipi.

Saidi mira, vile vioo vya pembeni, za kujikunja zenyewe ukifunga mlango, hizo sikusukumwa na mtu, niliziingia kwa miguu yangu. Saidi mira Nairobi ni embe bivu kando ya njia, nikaona zikijikunja mwizi atazipita. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipeleka kwa fundi wa barabarani.

Gari lina siku tatu! Jamaa akawasha drili. Riveti nne kila upande, halafu akachora namba ya gari kwenye vioo, kwenye taa, kila palipong'aa. Mimi nimefumba macho kama mtoto wa sindano. "Sasa bosi, hata wewe huwezi kuzing'oa." Nikafunga gari kwa rimoti. Mota ikaguna ngrrr, kioo kikatetemeka, kikabaki palepale. Mpaka leo kila usiku inaguna hivyo, majirani wanajua nimefika.

Na lile paa? Tumelifungua mara moja, kwenye jamu ya mzunguko wa Globe, saa kumi na mbili jioni. Mchuuzi aliyezoea kugonga dirisha akaona tundu. Akateremsha kichane cha ndizi taratibu, kama ndoo kisimani, mpaka kikanigusa pua.

"Mia moja tu, mzee."

Mama Njeri akachukua viwili.