Mkaa wa Kuchemsha Maharage

Kila kisukari na presha vinapozungumzwa redioni, wakazi wa Dar es Salaam tunaambiwa tupunguze mafuta, tupunguze sukari, tule mboga. Yote ni kweli. Ila huniuma ushauri huo unapoishia kwa mlaji, kana kwamba maisha ya mjini hayahusiki.

Mtazame anayeishi Chanika na kufanya kazi Kariakoo. Anatoka alfajiri, anarudi usiku umeshaingia. Maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa mbili, na mkaa wa kupimwa kwa kopo unakwisha kabla hayajaiva. Chipsi mayai anazikuta kituoni, za moto. Anayezinunua si mvivu wala mlafi. Amepiga hesabu ya muda na fedha, na kwa jioni ile hesabu yake ni sahihi. Gharama yake huja baada ya miaka, kwenye figo na moyo.

Kijijini nako si peponi, njaa ya kabla ya mavuno tunaijua. Lakini kule ugali mara nyingi ni wa dona, mboga ni kisamvu au kunde, na shambani mtu huenda kwa miguu. Mjini tunakula sembe iliyokobolewa, kiini na pumba zimebaki mashineni pamoja na nyuzinyuzi na vitamini. Wenye maduka huipenda kwa kuwa haiharibiki upesi. Dona lina mafuta ya kiini, huchacha mapema. Ongeza soda: chupa ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidishe gramu 25 kwa siku nzima. Na hata mwendo mfupi hadi kituoni siku hizi ni bodaboda.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta presha kwa takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, na kisukari kwa karibu asilimia 9. Kuyaita hayo magonjwa ya matajiri ni kujidanganya. Zipo nyumba ambamo mama ana uzito uliopitiliza na mtoto wake amedumaa, wote wakila chungu kimoja.

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Mjadala wake huwa juu ya misitu na moshi. Mimi naliona pia ni suala la chakula: gesi ikiwa nafuu, maharage yatarudi mezani. Kugawa mitungi hakutoshi, kwa sababu wengi hukwama kwenye kuijaza. Ningependa ruzuku ya kujaza ianze kwa mama lishe, na migambo waache kumwaga vyakula vyao. Sufuria moja la mama lishe, lenye maharage na mchicha pembeni, hulisha kituo kizima cha daladala kwa bei inayoweza kushindana na chipsi.