Siyaonei wivu majani yao, naonea wivu ufukwe

Ikifika Oktoba, watu wa Minneapolis, mji wa Marekani ninakoishi, hupandwa na kichaa cha majani yanayogeuka rangi. Kazini hakuna mada nyingine: bustani fulani imeshaiva, nyingine bado, nenda Jumamosi hii kabla upepo haujayamwaga yote. Idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota hutoa hata ramani ya kuonyesha kila eneo limefikia wapi kubadilika rangi. Basi watu hufunga baiskeli nyuma ya gari, wakafika bustanini, wakazifungua, wakazunguka ziwa, wakazifunga tena, wakarudi nyumbani. Mimi mtu wa Kirumba, Mwanza, niliyekua nikiona baiskeli ikibeba magunia ya dagaa, ilinichukua muda kuizoea baiskeli inayobebwa na gari.

Siku hizi na mimi nimo. Nikiweka picha kwenye kundi la familia, hujibiwa haraka. Mtoto wa kaka yangu aliniandikia: "Shangazi, shikamoo. Yaani miaka yote hiyo Marekani bado unapanda baiskeli? Hata kagari ka IST kameshindikana?" Nilicheka, lakini anachosema ndicho wengi wetu tunachokiamini. Kwetu ngazi inajulikana: unaanza na baiskeli, unapata bodaboda, Mungu akijalia unapata gari. Anayeshuka ngazi hiyo kwa hiari yake lazima ana tatizo, na akiwa ni mama mzima wa umri wangu tatizo hilo litajadiliwa hadi msibani.

Nikiri kwanza kwamba hayo majani ni mazuri kweli. Mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, huwaka rangi ya chungwa hadi nyekundu. Mialoni huchelewa, nayo ikigeuka huwa na wekundu wa kahawia kama ngozi ya kiatu. Ndani ya bustani ya Theodore Wirth kuna sehemu ya majimaji yenye tamaraki, mti wa jamii ya msonobari, ambao hugeuka rangi ya dhahabu kisha hupukutisha sindano zake zote. Misonobari tunayoijua kwetu haifanyi mchezo huo.

Chanzo ni mwanga. Kuanzia Septemba siku hufupika upesi, na mti huacha kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani ya kutengenezea chakula. Ikiondoka, njano iliyokuwa imejificha chini yake tangu mwanzo hujitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: mti huitengeneza upya, kutokana na sukari inayonasa ndani ya jani wakati kikonyo kinaanza kuziba. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huwa na wekundu mkali zaidi. Mwanza jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo mwaka mzima, kwa hiyo miti yetu haina wa kuipa taarifa hiyo.

Halafu si kwamba sisi hatuna rangi. Angalia mkungu: majani yake huwa mekundu kabisa kabla ya kudondoka, tunayafagia uani kila siku bila hata kuyatazama. Angalia misitu ya miombo upande wa Geita na Biharamulo kabla mvua hazijaanza, majani machanga yanavyotoka na wekundu wa shaba, yaani miti inavaa nguo za kufia siku ya kuzaliwa. Mwishoni mwa mwaka ongeza mikrismasi ikiwaka maua mekundu. Na juu ya majabali kuna yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Majabali yenyewe yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Minnesota ingekuwa nayo, ingeyatolea ramani.

Kwa hiyo wivu wangu hauko kwenye majani. Uko chini ya tairi.

Minneapolis ina mzunguko wa njia unaoitwa Grand Rounds, wenye urefu wa kilomita 80 hivi, unaounganisha maziwa, mto Mississippi na maporomoko ya Minnehaha. Ziwa Bde Maka Ska unalizunguka kwa kilomita kama 5 tu. Baiskeli zina njia yao, watembea kwa miguu wana yao, na baiskeli zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo hakuna wa kukujia usoni. Hatari ya Oktoba ni majani yenyewe: yakiloa hubandikana kwenye lami na kuteleza kama tope, ukishika breki kwenye kona utalala chini. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa nikiwa barabarani huku. Kule Mwanza, barabara ya Makongoro, hofu yangu ni daladala, bodaboda inayopita kushoto, na mtaro ulio wazi.

Kilichonikalisha chini ni kwamba uzuri huu ulipangwa mezani. Mwaka 1883 wapiga kura wa mji walikubali iundwe bodi ya bustani yenye uwezo wa kupata ardhi. Mbunifu wa mandhari, Horace Cleveland, aliwashauri wachukue ardhi mapema, kabla mji haujapanuka na bei kupanda. Wakafanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba kwenye maziwa makubwa ya mji, nyumba za matajiri ziko ng'ambo ya barabara, na ukingo wa maji ni wa kila mtu. Hata hayo maziwa wanayoringia yamerekebishwa kwa mashine. Ziwa la Isles lilikuwa na kinamasi kikubwa, likachimbwa na kuumbwa upya, na mwaka 1911 likaunganishwa kwa mfereji na hilo Bde Maka Ska. Watu hawakuwa na mandhari, wakayatengeneza. Sisi tulipewa Ziwa Viktoria, karibu kilomita za mraba 69,000, halafu tukajenga huku tumeligeuzia mgongo.

Msidhani nawasifia bila kuona. Kuanzia mwaka 1910 hati za nyumba nyingi za mji huu ziliandikwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe, na bustani hizi nzuri zilipandisha thamani ya mitaa iliyofungwa kwa masharti hayo. Sheria ya Marekani ya kuzuia ubaguzi kwenye makazi ilikuja mwaka 1968. Ufukwe ulikuwa wa wote kwenye karatasi. Kuishi karibu nao lilikuwa jambo jingine. Nikizunguka lile ziwa Jumapili huwa nahesabu nyuso zinazofanana na wangu, na hesabu haichukui muda. Kwa hiyo Mwanza isichukue mfano huu mzimamzima.

Ichukue kitu kimoja tu, ufukwe ulio wazi. Toka Kirumba ujaribu kufuata maji kwa miguu kwenda mjini, kisha Capri Point, kisha Igogo, Mkuyuni hadi Butimba. Utakutana na ukuta, geti, hoteli, kiwanja cha mtu, ukuta tena. Mgeni anashushwa pale kivuko cha Kamanga, anapiga picha na jiwe la Bismarck lililosimama majini, anaondoka akidhani ameliona ziwa. Ndani ya mji ambao jina lake la utani ni la mawe, na ambao Wasukuma walioujaza walizaliwa na ziwa mlangoni, mtoto wa Mabatini anaweza kukua akiliona ziwa kwa mbali kutoka mlimani tu.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mita 60! Njia ya baiskeli inahitaji 3. Sisemi nyumba zibomolewe kesho, maana najua tingatinga likianza huanza na nani, na huyo si mwenye hoteli. Nasema vipande vilivyobaki wazi vipimwe na vilindwe sasa, kabla havijapata geti.

Mtu ataniambia fedha hakuna. Juni 2025 tumefungua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, kwa hiyo hoja ya kushindwa ufundi wa njia nyembamba ya udongo ulioshindiliwa siipokei. Mwingine ataniambia jua kali. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi kuna upepo wa kukufanya ufunge kanga mabegani. Mwingine, pengine mtoto wa kaka yangu, atasema Mwanza watu hawapandi baiskeli kwa starehe. Hapo kidogo nakubali, ila nikimbilie kusema kwamba Kanda ya Ziwa ndiyo nyumbani kwa mashindano ya baiskeli, wanaume na wanawake, wengine wakishindana kwa baiskeli zilezile za keria walizobebea maji jana yake.

Na hao wa keria ndio ningewajengea kwanza. Huku njia zimetengenezwa kwa mtu kama mimi, aliyemaliza kazi na anatafuta hewa. Kwetu ianze na anayetoka alfajiri na mkaa, na maziwa, na samaki, ambaye leo anabanwa na lori hadi anaingia mtaroni na mzigo wake. Njia ikimtosha huyo mwenye magunia mawili nyuma, mimi wa starehe nitapita bila shida Jumapili jioni. Ikijengwa kwa ajili yangu tu, yeye atafukuzwa na mgambo wiki ya kwanza.

Jambo moja likae wazi kabla watu wa mipango hawajachukua wino. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kuna wanaopakua na kuchambua dagaa, na kwenye mialo ya wavuvi huko mbele kuna wanawake wanaoanika mchangani. Njia ipinde, iwazunguke, hata ikiongezeka nusu kilomita. Mgeni asiyeweza kuvumilia harufu ya dagaa apite upande wa Capri Point.