Bima ya Amana: Leicester Nalala Usingizi, Nyumbani Je?

Hapa Leicester nawasikia mara nyingi Wakenya wenzangu wakisema kwamba nyumbani benki huangushwa na uvumi, na kwamba Mwingereza ana nidhamu, hawezi kukimbilia pesa zake kwa pupa. Sikubaliani nao. Tarehe 14 Septemba 2007 wateja wa Northern Rock, benki ya Uingereza, walipanga foleni ndefu nje ya matawi yake. Benki hiyo ilikuwa imetoa mikopo ya nyumba ya miaka mingi kwa fedha ilizokopa kwa muda mfupi katika masoko ya fedha, na masoko hayo yalipokauka mwezi Agosti, ikakosa pa kushika.

Waliopanga foleni walikuwa wamepiga hesabu zao vizuri. Wakati ule bima ya amana, yaani fidia anayolipwa mwenye akiba benki ikianguka, ililipa pauni 2,000 za kwanza kikamilifu, kisha asilimia 90 tu ya pauni 33,000 zilizofuata, kwa hiyo mwenye akiba alijua kwamba akichelewa atapoteza sehemu. Hofu ilianza kutulia pale Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alipotangaza Septemba 17 kwamba serikali itadhamini amana hizo. Tangu hapo kiwango cha bima kimepandishwa mara kadhaa, na mfuko wa fidia hulenga kulipa ndani ya siku 7.

Kwetu, Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa, Oktoba 2015, kisha Chase Bank Aprili 2016, bima ikiwa shilingi 100,000 pekee kwa kila mteja. Katika kisa cha Imperial, ulaghai ulikuwa umefichwa vitabuni kwa miaka mingi. Kumlaumu mteja aliyesikia fununu ni kumwonea. Binamu yangu, mweka hazina wa chama cha wauza mitumba, alikuwa ameweka fedha za kununua kiwanja katika benki iliyofungwa, na kila Jumapili wanachama walimuuliza swali lile lile ambalo hakuwa na jibu lake. Walipopata sehemu ya fedha zao, kiwanja kilikuwa kimeshauzwa.

Madhara hayakuishia kwao. Wenye amana walihamia benki kubwa, benki ndogo zikakosa ukwasi, yaani fedha za kulipa papo hapo, na Benki Kuu ikalazimika kutangaza kwamba itazikopesha zilizobanwa. Aliyeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo, ambaye benki kubwa humwona kama hatari.

Kupandishwa kwa bima hadi shilingi 500,000 mwaka 2020 kulikuwa hatua njema, nami naisifu kwa dhati. Lakini mfumuko wa bei hula kiwango hicho kila mwaka, kwa hiyo kinapaswa kupitiwa mara kwa mara bila kungoja benki nyingine ianguke. Fidia nayo ilipwe kwa siku, si kwa miezi, na akaunti ya chama ihesabiwe kwa fungu la kila mwanachama, kwa kuwa shilingi milioni 2 za watu 20 ni akiba ya wadogo, si utajiri wa mtu mmoja.